Namba Iliyoitwa Tasa

Kabla jua halijachungulia, Damari alikuwa ameshapiga magoti ndani ya shimo la mchanga, kata mkononi. Mwaka ule mvua zilikatika mapema, na korongo lililokuwa chini ya kijiji chao, upande wa Kinampanda, lilibaki mchanga mtupu. Aliyetaka maji alichimba mpaka kiunoni, kisha akangoja. Maji yalijikusanya polepole kama jasho. Ukichota kata moja, unakaa tena, unasinzia, unaamka, unachota nyingine, mpaka debe lijae.

Nyuma yake aliketi Esta, rafiki yake wa darasani, akisubiri zamu. Walikuwa wameshazoea kutosemezana asubuhi. Maneno nayo yanataka nguvu.

Damari alikuwa na miaka kumi na mitatu, naye alisoma darasa la nne katika shule ya misheni. Wazazi wake walikaa mbali, kwenye mbuga ya Wembere, walikohamishia ng'ombe kufuata majani. Yeye aliishi na shangazi yake, Luciana, ambaye nyumba yake ilikuwa karibu na shule. Shangazi hakuwa na mtoto. Ndiye aliyemwomba kaka yake, akasema, "Nipe huyu mmoja nimsomeshe, nami nipate wa kunifungulia mlango." Tangu hapo wakawa wawili: wakilima pamoja, wakisaga pamoja, na jioni wakila ugali wa uwele kwa mlenda katika sahani moja.

Alipofikisha maji nyumbani, Damari alimwamkia shangazi, akanawa miguu, akachukua kibao chake cha kuandikia na kukimbia. Kengele ilikuwa imeshalia.

Mwalimu wao, Nathanaeli, alifundisha madarasa mawili kwa wakati mmoja, darasa la tatu chumba hiki na la nne chumba kile, akipita mlangoni huku na huku siku nzima. Macho yake yalikuwa mekundu. Kila mtu alijua kuwa homa ilikuwa imemshika tangu wiki iliyopita, wala hakuwapo mwalimu wa kumpokea.

Jumatatu ile aliandika ubaoni kwa tarakimu kubwa: 10,403.

"Someni," akasema.

"Elfu kumi, mia nne na tatu!" darasa likaitikia.

"Vema. Sasa, mgeni akija kwenu hamumwachi mlangoni. Mnamuuliza ni mtoto wa nani, ametoka wapi, ana ndugu gani. Namba kubwa nayo ni hivyohivyo. Niambieni habari za huyu mgeni. Ni shufwa au witiri?"

Gabrieli, kijana wa dawati la mbele, hakungoja kuitwa. "Witiri, mwalimu. Inaishia na tatu, haigawanyiki kwa mbili."

"Inagawanyika kwa tatu?"

Wanafunzi wakajumlisha tarakimu zake: moja, nne na tatu ni nane. Nane haigawanyiki kwa tatu, kwa hiyo na namba yenyewe haigawanyiki.

"Je, ni mraba? Iko namba ukiizidisha kwa yenyewe ikatupa hii?"

Hapo wakahangaika kidogo. Esta, aliyekuwa mzito wa kusema lakini hakosei mara nyingi, akainua mkono. "Mia moja na mbili mara mia moja na mbili ni elfu kumi, mia nne na nne. Imepita kwa moja tu. Si mraba, mwalimu."

"Umesema kweli. Basi limebaki swali gumu." Mwalimu akafuta jasho. "Ina vigawo, au ni tasa? Namba tasa ni ile isiyogawanyika kwa namba yoyote ila kwa moja na kwa yenyewe. Kama saba. Kama kumi na tatu."

Nyuma mtu akacheka kwa ajili ya lile neno. Mwalimu akamkazia macho, kicheko kikafa.

"Haiishii na sifuri wala tano, basi tano nayo imetoka. Mtaigawanya kwa namba tasa, moja baada ya nyingine: saba, kumi na moja, kumi na tatu, na kuendelea. Mkifika mia moja na mbili bila kupata kigawo, acheni, hakuna haja ya kwenda mbele. Kwa nini? Vigawo huenda viwili viwili, kama ng'ombe wa jembe. Wote wawili hawawezi kuzidi mia moja na mbili, maana mkiwazidisha watapita namba yenyewe. Lazima mmoja awe chini. Huyo mmoja ndiye mnayemtafuta. Ijumaa nataka jibu, na baki ya kila namba mliyoigawanyia."

Kisha akashusha sauti. "Wiki ijayo mkaguzi wa shule anakuja kutoka Singida. Kwa wasichana iko nafasi moja tu ya kwenda shule ya kati ya bweni, kuanzia darasa la tano. Nitamwonyesha msichana aliyefanya kazi hii mpaka mwisho."

Damari akamtazama Esta, na Esta akatazama kibao chake.

Wiki ile Damari aligawanya kila alipopata nafasi. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Kwa saba ilibaki moja. Kwa kumi na tatu zikabaki tatu. Kwa kumi na saba zikabaki kumi na sita, yaani ilipungua moja tu igawanyike, naye akasonya peke yake. Alipita ishirini na tatu, akapita thelathini na moja, akapita arobaini na tatu. Kila baki aliikariri kichwani kwa sababu kibao kilikuwa kidogo.

Lakini kazi za nyumbani hazikujua habari za mkaguzi. Alhamisi shangazi Luciana aliamka mgongo umemkatika, hawezi kuinama. Damari akaenda korongoni mara mbili, akasaga uwele peke yake, akakata kuni, akamkanda shangazi kwa maji ya moto. Alipokaa na kibao chake karibu na moto, usiku ulikuwa umeshaingia. Akagawanya kwa sitini na moja, akapata baki thelathini na tatu. Akaandika namba iliyofuata, sitini na saba, kisha kichwa kikaanguka kifuani. Alipoamka kumekucha, na debe lilikuwa tupu.

Ijumaa mwalimu akaingia akishikilia ukuta. "Nani amemaliza?"

Gabrieli alikuwa ameishia thelathini na saba. Wengine hawakufika hata hapo. Mwalimu akamwita Esta.

"Nimefika hamsini na tisa, mwalimu," Esta akasema. "Sijapata kigawo. Sijamaliza."

"Kwa hiyo ni tasa?"

"Bado sijui, mwalimu."

"Wiki nzima, Esta, na bado hujui?" Mwalimu akatikisa kichwa kwa uchovu. "Kaa chini. Damari?"

Damari akasimama. Alitaka kusema amefika sitini na moja. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini aliona jinsi Esta alivyoketi ameinamisha kichwa, akaona na lile bweni ambalo hajawahi kulitia machoni, ambako alisikia maji yanatoka kwenye bomba. Akasema, "Nimemaliza, mwalimu. Ni tasa."

"Njoo uandike."

Akaenda ubaoni. Baki za kwanza zilitoka kichwani zenyewe, safi, moja baada ya nyingine, mpaka sitini na moja. Kuanzia pale akaanza kubuni. Aliandika namba yoyote iliyomjia, haraka, bila kugeuka nyuma. Mwalimu Nathanaeli alizipitia kwa macho mekundu, kichwa kikimgonga, kisha akachukua chaki. Chini ya ile namba akaandika kwa herufi kubwa: NAMBA TASA.

"Hii ndiyo bidii," akaliambia darasa. "Msifute hapa mpaka mkaguzi aione."

Wakati wa kurudi nyumbani Esta alitembea kando yake mpaka walipofika kwenye yale mawe makubwa ya njia panda. Hapo akasimama.

"Damari, kwa sitini na saba uliandika baki sabini na moja."

"Ndiyo. Kwani vipi?"

"Baki haiwezi kuzidi namba unayogawanyia. Ikizidi, maana yake bado inaingia tena."

Damari akahisi uso unawaka. "Nilikosea kuandika tu. Mkono ulichoka."

"Ahaa," Esta akasema. Akashika njia ya kwao, na Damari akabaki amesimama, akitamani angalau angetukanwa.

Nyumbani shangazi alikuwa ameketi kwenye kigoda, kitenge amekifunga kwa nguvu kiunoni ili kushikilia mgongo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umerudi kama uliyefiwa? Ile hesabu imekushinda?"

"Nimeimaliza. Mwalimu atanionyesha kwa mkaguzi."

"Sifa kwa Mungu! Na ilikuwa nini, hiyo namba?"

"Nimesema ni tasa."

Shangazi Luciana aliacha kuchambua mlenda. Hapo tu ndipo Damari alipokumbuka, naye akatamani alirudishe lile neno tumboni.

"Tasa," shangazi akasema taratibu. "Hata namba mnaziita hivyo?"

"Ni jina tu la hesabu, shangazi. Ni namba isiyogawanyika."

"Sijakasirika." Akaendelea kuchambua, jani moja moja. "Mimi niliolewa kule Kiomboi, unajua. Mwaka wa pili tu mama mkwe akasema, huyu ni tasa, arudishwe kwao. Hakuna aliyenipeleka kwa mganga wala hospitali ya misheni. Hakuna aliyeuliza kama shida ni yangu au ya mwanawe. Walichoka kungoja, wakasema neno, na neno likawa mimi. Mpaka leo watu wanalisema." Akaweka chini jani alilolishika. "Wewe hiyo namba yako umeihakikisha, au umesema tu kama walivyosema wao?"

Damari akachukua debe, akaenda korongoni ingawa haikuwa saa ya maji.

Alikaa kwenye ukingo wa shimo, akavunja kijiti, akasawazisha mchanga kwa kiganja. Akaanza pale alipolala: sitini na saba. Ilibaki kumi na nane. Maji yakajikusanya, akachota, akarudi. Sabini na moja, baki thelathini na saba. Sabini na tatu, baki thelathini na saba tena, mpaka akaifuta na kuirudia, akidhani macho yanamdanganya. Sabini na tisa. Themanini na tatu. Themanini na tisa. Hakuna iliyoingia sawasawa, na kila ilipokataa, moyo wake ulipata nafuu kidogo. Alianza kuomba kimoyomoyo: iwe tasa kweli. Ikiwa tasa kweli, basi uongo wangu utakuwa ukweli, wala sitakuwa na la kumwambia mtu.

Tisini na saba: baki ishirini na nne. Sasa ilibaki moja tu chini ya mia moja na mbili. Mia moja na moja.

Aliandika polepole. Mia moja na moja katika elfu kumi, mia nne na tatu: inaingia mara mia moja, inakula elfu kumi na mia moja. Zinabaki mia tatu na tatu. Na mia tatu na tatu ni mia moja na moja mara tatu.

Haikubaki kitu.

Alitazama mchanga. Mia moja na moja mara mia moja na tatu. Namba ilikuwa na vigawo viwili, vimekaa huko mwisho kabisa, mahali ambapo mtu aliyechoka hafiki. Damari akaweka kijiti chini na kulia, si kwa huzuni tu bali kwa uchovu wa wiki nzima, mpaka maji yakajaa shimoni bila yeye kuona.

Aliporudi alimweleza shangazi yote: usingizi, baki za kubuni, lile neno lililoandikwa ubaoni. Shangazi Luciana alisikiliza bila kumkatiza.

"Kwa hiyo si tasa."

"Si tasa, shangazi."

"Basi nenda kaseme. Mimi sikupata mtu wa kurudi kusema." Akamvuta, akamkalisha karibu. "Utapoteza ile nafasi. Najua. Hata mimi nilikuwa nimeshaitamani. Lakini sasa kula, mwanangu."

Mkaguzi alifika siku ya Jumanne kwa gari lililoacha vumbi nyuma yake njia nzima. Ua ulikuwa umefagiliwa na wanafunzi wamepanga mistari. Damari akatoka kwenye mstari, akamfuata mwalimu Nathanaeli darasani kabla mgeni hajaingia. Homa ilikuwa imempungua, lakini alikuwa amekonda na koti lilimpwaya.

"Shikamoo, mwalimu. Ile namba si tasa. Inagawanyika kwa mia moja na moja. Mimi niliishia sitini na moja. Zile baki nyingine nilizitunga."

Damari alingoja fimbo. Mwalimu akageuka ubaoni, akazisoma baki moja moja kwa mara ya kwanza, na kidole chake kikasimama kwenye sabini na moja. Akavuta kiti, akakaa.

"Na mimi sikuzitazama," akasema, kama anayejisemea. "Mkaguzi angeiona hii kabla hajavua kofia."

Mlango ukasikika. Wanafunzi wakaingia, kisha mkaguzi, Mzungu mrefu aliyesema Kiswahili cha kujifunza kitabuni, akasalimu, akaketi nyuma. Mwalimu Nathanaeli akasimama, akachukua kitambaa na kufuta lile neno NAMBA TASA mbele ya watu wote.

"Bwana mkaguzi, hapa palikuwa na kosa. Mwanafunzi alikosa, na mimi mwalimu nilikosa kwa kutokagua. Sasa darasa litaitafuta kweli mbele yako. Esta, ulifika wapi?"

"Hamsini na tisa, mwalimu."

"Njoo uendelee kuanzia hapo."

Esta akaenda ubaoni. Aligawanya polepole kama kawaida yake, chaki ikilia. Alipokwama kwenye themanini na tisa, Gabrieli alimsaidia kuzidisha. Darasa zima likawa linahesabu kwa midomo bila sauti. Damari alijua mwisho wake, lakini alinyamaza, ameuma mdomo, maana haikuwa zamu yake. Na ile mia moja na moja ilipoingia, na chini ya mstari likaandikwa sifuri, watoto wakapiga kelele kana kwamba mvua imeanza. Mkaguzi mwenyewe alitabasamu, akauliza jina la msichana yule, akaliandika.

Nafasi ikawa ya Esta.

Wageni walipoondoka, mwalimu alimwita Damari. Waliketi kwenye benchi la nje, wote wawili wamechoka, wakitazama vumbi la gari likitua.

"Kwa nini hukuniambia ulifika sitini na moja?" mwalimu akauliza. "Ulikuwa umempita Esta. Ulikuwa umewapita wote."

"Nilichoka, mwalimu. Shangazi aliumwa. Halafu nikaogopa kusema sijamaliza, kwa sababu Esta alisema, nawe ukamwambia..." Akaishia hapo.

"Nikamwambia akae chini." Mwalimu akaitikia kwa kichwa. "Hilo ni langu, na nimeshamwomba radhi. Sasa sikiliza lako. Kuchoka si dhambi, Damari. Mimi nimechoka, shangazi yako amechoka, nchi yote hii imechoka kwa jua. Lakini mtu aliyechoka akisema kweli, 'nimefika hapa, nguvu zimeisha,' mwenzake atashika kazi pale alipoiacha. Akidanganya kuwa amemaliza, hakuna atakayerudi kuitazama tena, na kosa litakaa ubaoni kana kwamba ni kweli. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mwalimu."

"Kusema kwako leo kumeniokoa mimi pia. Hilo sitalisahau. Lakini nafasi sitakurudishia, maana si yako mwaka huu. Utarudia darasa la nne, na nitakufundisha kama mtu anayekwenda shule ya kati. Na wewe na wengine mnaoteka maji, mtaanza hesabu kengele ya pili, mkishafika na kupumzika. Nilipaswa kuliona hilo tangu mwanzo."

Damari alirudia darasa la nne. Haukuwa mwaka mwepesi: mvua zilichelewa tena, na barua za Esta kutoka bwenini zilimfurahisha na kumchoma kwa pamoja. Siku alizoshindwa, alisimama darasani akasema aliposhindwa, hata wadogo walipomcheka, na mwalimu Nathanaeli akaanza naye kutoka hapohapo. Mwishoni mwa mwaka huo jina lake likasomwa kwa nafasi ya shule ya kati. Shangazi Luciana alimsindikiza mpaka kwenye lori lililokuwa likienda Singida, akambebea sanduku kichwani ingawa mgongo wake ulikuwa haujapona vizuri, na hakuna aliyeweza kumshawishi alitue.